Kutupa chambo chepesi kwa rili ya beitikasta

Rili ya beitikasta hukaa juu ya fimbo, na bobini yake hulala kukingama. Chambo kikirushwa, chenyewe ndicho kinachoivuta bobini izunguke na kutoa mshipi. Rili ya spini haiko hivyo: bobini yake husimama tuli na mshipi hujivua ukingoni, duara baada ya duara, hivyo hata chambo cha gramu 2 huondoka nao bila kudaiwa kazi nyingine. Kwenye beitikasta chambo kina kazi mbili, kwenda mbele na kuzungusha chuma. Chambo cha gramu 20 huzimudu zote. Cha gramu 4 huzidiwa na ile ya pili, na ndiyo maana mtu aliyeizoea rili hii kwa vyambo vizito hujiona mgeni tena siku anapofunga kitu chepesi.

Chepesi, kwa makala haya, ni chambo bandia cha chini ya gramu 7. Vyambo vingi vya dukani huandikwa uzito kwa aunsi, kwa hiyo inafaa kujua kwamba 1/4 ni gramu 7, 1/8 ni gramu 3.5, na 1/16 haifiki gramu 2. Rili ya kawaida ya beitikasta huanza kulalamika karibu na hiyo 1/4.

Ajali ya beitikasta ni moja, nayo ni mshipi kutatana juu ya bobini. Hutokea bobini inapozunguka kwa kasi kuliko mshipi unavyoondoka. Mshipi uliokosa pa kwenda hufumuka na kujikunja juu ya bobini, mizunguko inayofuata huunasa, na kila kitu husimama ghafla. Ajali hii ina nyakati mbili. Ya kwanza hutokea mwanzoni kabisa, katika mita chache za mwanzo: mkono umerusha kwa kishindo, bobini imepata kasi kubwa mara moja, halafu chambo chepesi, ambacho hewa hukipunguza mwendo mapema, kimeshindwa kuendelea kuivuta. Ya pili hutokea mwishoni, chambo kimekwisha kugusa maji na bobini bado inazunguka. Ile ya mwanzo hutibiwa kwa breki na kwa namna ya kurusha. Ya mwisho hutibiwa kwa dole gumba. Anayejua ni ipi iliyompata hujua cha kurekebisha. Asiyejua hukaza kila kirungu anachokiona, na chambo kikaanguka miguuni pake.

Kasi inayozungumzwa hapa si ndogo. Bobini yenye kipenyo cha milimita 32 ina mzingo wa karibu sentimita 10. Mshipi ukitoka kwa mita 20 kwa sekunde, bobini hiyo huzunguka mara 200 katika sekunde moja. Macho hayawezi kuifuata kasi hiyo, na mkono unaongoja kuona mshipi umelegea ndipo ubane, umechelewa.

Rili za aina hii zilikomaa Kentucky, Marekani, katika karne ya 19, mikononi mwa mafundi wa saa na wa vyombo vya fedha; George Snyder wa mji wa Paris, Kentucky, ndiye hutajwa kuwa wa kwanza kati yao. Mwaka 1897 William Shakespeare Jr. wa Kalamazoo, Michigan, alipata hataza ya kifaa kinachopeleka mshipi kulia na kushoto ili ujipange sawasawa kwenye bobini. Samaki aliyekuwa akitafutwa ni wa jamii ya besi, na yule mwenye mdomo mpana, ambaye kwa muda mrefu wanasayansi wamemwita Micropterus salmoides, alipelekwa Japani mwaka 1925 na kutiwa Ziwa Ashi. Japani ndiko mbinu ya vyambo vyepesi ilikofikia ukamilifu. Maziwa yenye wavuvi wengi na samaki waliokwisha kuerevuka, pamoja na vijito vya milimani vya samaki aina ya trauti, vilidai vyambo vidogo vinavyotua kimya, na watengenezaji kama Daiwa na Shimano wakaunda rili za kazi hiyo. Kwa Afrika Mashariki, mahali panapofaa hasa ni Ziwa Naivasha, ambako besi huyo huyo aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Huko ni vyema kutupa kutoka kwenye mashua kuelekea kwenye mafunjo kuliko kusimama ukingoni, maana ukingo ni wa viboko pia.

Swali la haki ni kwa nini mtu ajisumbue, wakati rili ya spini hutupa gramu 3 bila kelele. Anayetaka masafa tu anunue spini, na asione haya. Faida ya beitikasta iko kwingine. Dole gumba hukaa juu ya bobini muda wote, kwa hiyo chambo kinaweza kusimamishwa hewani mahali hasa panapotakiwa: chini ya tawi lililoinama, kwenye uwazi wa upana wa sahani katikati ya majani, kando ya nguzo ya gati. Chambo huruka chini chini, karibu na uso wa maji, na kutua polepole. Mshipi hutoka na kurudi bila kupota, na samaki akikidaka chambo kinapozama, dole hubana papo hapo. Kwa masafa ya mita 10 hadi 20, ambayo ndiyo masafa ya uvuvi mwingi wa kijitoni na wa kandokando ya mimea, faida hizo ni kubwa kuliko tabu ya kujifunza.

Kazi ya kwanza haifanywi na mkono, nayo ni kupunguza uzito wa kinachozunguka. Watu wengi hutumia miezi wakinoa dole gumba huku tatizo lao liko dukani. Bobini ya rili ya kawaida ina uzito wa gramu 15 hadi 20, pengine zaidi. Bobini za rili za vyambo vyepesi, zenye kina kifupi na matundu yaliyotobolewa ubavuni, huwa chini ya gramu 10. Juu ya hapo huongezwa mshipi, na hapa hesabu huwashangaza wengi. Mita 100 za nailoni yenye unene wa milimita 0.30 zina uzito wa takriban gramu 8. Fluorokaboni ni nzito zaidi kwa ujazo ule ule, na urefu na unene huo huo wake hufika gramu 12 na ushee. Mvuvi anayefunga chambo cha gramu 4 anakidai kiamshe mshipi wenye uzito mara mbili au tatu kuliko chenyewe, kabla hata bobini haijahesabiwa. Isitoshe, mshipi huo umekaa ukingoni mwa bobini, na kitu kinachozunguka mbali na kitovu ni kigumu kukianzisha, na vilevile kukisimamisha, kuliko kilicho karibu na kitovu.

Tiba yake ni rahisi: mshipi mchache. Mita 40 hadi 50 zinatosha kabisa kwa uvuvi wa kutupa mita 20. Mshipi wa kusukwa, wenye unene wa milimita 0.15 hivi, hauzidi gramu moja kwa mita 50, na ndio chaguo zuri la kwanza, ukiungwa mbele kipande cha fluorokaboni cha urefu wa mita moja au mbili, kwa sababu fluorokaboni haionekani sana majini na huvumilia kusuguliwa na mawe. Fundo la kuunganisha liwe dogo na lipite kwenye pete bila kugota. Kama ni kubwa, kipande kifupishwe ili fundo libaki nje ya pete ya ncha wakati wa kutupa. Mshipi wa kusukwa huteleza kwenye bobini laini, hivyo mizunguko michache ya nailoni au kipande kidogo cha utepe wa kunata hutangulia chini yake. Uingizwe ukiwa umebanwa kwa kitambaa chenye unyevu, usije ukazama kati ya mizunguko ya chini samaki anapovuta. Wapo wanaopenda nailoni au fluorokaboni nyembamba pekee, nao wana hoja, kwa sababu mshipi wa kusukwa ukitatana hukaza vibaya. Kwa anayeanza, nailoni ya milimita 0.20, mita 40 tu, ina huruma zaidi, na bei yake haiumi unapolazimika kuikata.

Rili ya kawaida iliyopo nyumbani haina haja ya kutupwa. Ikipunguzwa mshipi, beringi zake zikasafishwa, itashuka hadi gramu 7, pengine 5. Chini ya hapo ubishi haufai. Rili ya vyambo vyepesi, au angalau bobini nyepesi inayoingia katika rili hiyo, ndiyo inayotakiwa.

Fimbo nayo husahauliwa. Juu ya mpini wa fimbo nyingi pameandikwa uzito wa vyambo inavyoweza kurusha, na fimbo ya gramu 10 hadi 30 haiwezi kupindwa na gramu 4. Fimbo isiyopinda hairushi. Humlazimisha mvuvi arushe kwa nguvu za bega, na nguvu za bega ndizo zinazoleta ile ajali ya mwanzoni. Inayotakiwa ni fimbo ya gramu 1 hadi 7 au 2 hadi 10, inayopinda kuanzia nchani hadi karibu katikati, urefu usiozidi mita 2 kwa maeneo yenye miti. Mwenye fedha chache, akilazimika kuchagua kati ya rili bora na fimbo bora, aanze na fimbo.

Rili ina vizuizi vitatu, na kila kimoja kina tabia yake. Cha kwanza ni kirungu kilicho upande wa mkono wa kuzungushia, kinachoibana ekseli ya bobini kutoka pembeni. Msuguano wake ni ule ule bobini ikienda kasi au polepole, hivyo hula masafa mpaka mwisho wa safari. Cha pili ni breki ya vipande: vipande vidogo vya plastiki vilivyo kwenye bobini, ambavyo mzunguko wenyewe huvisukuma nje visugue pete. Ukali wake hukua kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, ukali huwa mara nne, na bobini ikipungua mwendo breki hii karibu hutoweka. Cha tatu ni breki ya sumaku, ambayo haigusi kitu. Sumaku zilizo kwenye kifuniko cha pembeni huzua mikondo ya umeme katika alumini ya bobini inayozunguka, na mikondo hiyo huipinga bobini. Ukali wake hukua sambamba na kasi, kwa hiyo hubakiza mkono wake juu ya bobini hata mwishoni. Kwa vyambo vyepesi sumaku hupendelewa na wengi, kwanza kwa sababu hurekebishwa kwa kuzungusha kirungu cha nje bila kufungua rili, pili kwa sababu katika muundo wake wa kawaida haiongezi vipande juu ya bobini, na kila gramu iliyopungua kwenye bobini ni faida.

Kuna ushauri wa zamani unaorithishwa kila mahali: kirungu cha ekseli kikazwe mpaka chambo kishuke polepole kikiachiwa, na bobini isimame chambo kikigusa chini. Kwa gramu 15 ushauri huo ni mzuri. Kwa gramu 3 hauna maana, kwa kuwa chambo hicho pengine hakitashuka kabisa hata kirungu kikiwa kimelegea. Njia bora ni kulegeza kirungu mpaka bobini, ikisukumwa kwa dole, icheze kushoto na kulia, kisha kukikaza kidogo kidogo mpaka mchezo huo uishe, na kukiacha hapo. Kazi yote iliyobaki ni ya breki. Breki ya sumaku ianze kwenye robo tatu ya nguvu yake, na ipunguzwe alama moja tu kila mtupo unapokuwa safi mara kadhaa mfululizo. Mshipi ukionekana unatuna juu ya bobini katikati ya safari bila kutatana, mpaka umefikiwa. Alama moja irudishwe juu. Anayeanza hana sababu ya kushindana na namba.

Sasa mkono. Mgongo wa mkono uelekee juu na rili ilale ubavu, kwa sababu katika hali hiyo kifundo cha mkono hukunjuka kwa uhuru, tofauti na rili inapotazama mbinguni. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Chambo kining'inie sentimita 30 hivi chini ya ncha, zaidi kidogo ya inavyozoeleka kwa vyambo vizito, ili uzito wake mdogo upate nafasi ya kuivuta ncha. Dole libane bobini nusu juu ya mshipi, nusu juu ya ukingo wa chuma, ndipo kitufe cha kuachia kibonyezwe.

Mtupo wenyewe ni mwendo mmoja wenye pande mbili. Fimbo hupelekwa nyuma kwa utaratibu na kusimamishwa. Chambo huendelea nyuma kwa mwendo wake na kuipinda ncha. Ncha ikiwa bado imepinda, mkono huanza kuja mbele, polepole kwanza kisha kwa kasi inayopanda bila kukatika. Kosa kubwa la wanaojifunza ni kungoja. Fimbo ikifika nyuma wanasita, ncha inanyooka, chambo kinatulia, kisha wanapiga mbele kwa kishindo, na uzito wa gramu 4 haujapinda chochote. Mtupo wa pembeni, fimbo ikienda sambamba na maji, huonyesha jambo hili kwa macho, maana ncha na chambo huonekana muda wote. Ndiyo sababu ni bora kuanza nao kabla ya ule wa juu ya kichwa, ilimradi hakuna mtu aliyesimama ubavuni.

Dole huinuliwa kidogo tu, mshipi ukatoka chini yake. Likiachia mapema mno katika mtupo wa juu, chambo hupaa; likichelewa, hupiga maji mbele ya miguu. Baada ya hapo ncha ya fimbo ikifuate chambo kwa kukielekea, ili mshipi usijisugue kwenye pete. Dole libaki karibu sana na bobini, likigusa kama linavyogusa vumbi, na chambo kikikaribia maji libane kabisa, muda mfupi sana kabla ya kutua. Kubana huku ni tabia ya kujengwa tangu mtupo wa kwanza, hata pale breki ilipokazwa kiasi kwamba haihitajiki. Asiyeijenga hapo hataipata baadaye.

Mtupo wa chini ya mkono unastahili kufundishwa mapema kuliko unavyofundishwa. Chambo hushikwa kwa mkono mwingine, mbali na ndoana, mshipi ukiwa na urefu unaokaribia ule kutoka rili hadi ncha. Ncha huelekezwa chini, kisha huinuliwa kwa wepesi huku chambo kikiachiwa kibembee mbele juu ya uso wa maji. Kasi ya bobini ni ndogo, ajali ni chache, na ndio mtupo utakaotumika zaidi chini ya matawi. Masafa yake ni mafupi, lakini samaki wengi wako hapo hapo.

Mazoezi yafanywe kwenye nyasi, kwa kipande cha risasi au chambo kilichoondolewa ndoana. Uzito uanze gramu 10, ushuke 7, kisha 5, kisha 3.5, na hakuna kushuka kabla uzito uliopo haujawa jambo la kawaida. Beseni likiwekwa mita 10 mbele hufundisha zaidi kuliko uwanja mtupu, kwani anayelenga hupunguza nguvu bila kuambiwa. Kuna hila moja ya kuokoa mshipi: urefu unaozidi kidogo mtupo mrefu kabisa huvutwa nje, utepe wa kunata hubandikwa juu ya mshipi uliobaki kwenye bobini, kisha ule wa nje hurudishwa. Mshipi ukitatana, hautatatana kupita utepe. Utepe utolewe kabla ya kwenda majini, kwa kuwa samaki mwenye nguvu ataufikia.

Mshipi ukitatana pamoja na hadhari zote, kuuvuta kwa nguvu ndiko kunakougeuza kuwa wa kukatwa. Kwanza dole libane bobini kwa nguvu na mkono wa rili uzungushwe mara mbili au tatu huku dole likiwa limebana. Mizunguko iliyojikunja hulazimika kulala. Kisha bobini iachiwe na mshipi uvutwe taratibu. Ukigota, rudia. Mitatano mingi hufunguka katika mara ya pili au ya tatu. Inayobaki hufunguliwa kwa kuinua kitanzi kinachozuia, kwa sindano butu, wala si kwa kisu. Mshipi uliotoka humo upitishwe kati ya kucha: palipokunjika kwenye nailoni au fluorokaboni pamedhoofika, na kama pako karibu na chambo ni heri kukata mita hizo kuliko kumpoteza samaki hapo.

Upepo hubadilisha kila kitu kilichopangwa. Ukivuma usoni, chambo hupungua mwendo mapema na bobini haijui. Breki iongezwe alama mbili na mtupo uwe wa chini. Ukivuma kutoka nyuma, breki yaweza kupungua. Umbo la chambo ni muhimu karibu sawa na uzito: kijiko kidogo cha chuma cha gramu 4 hupenya hewa, lakini samaki bandia wa mbao au plastiki wa gramu 4 hizo hizo, mwenye ulimi mpana mdomoni, huyumba na kutua nusu ya masafa. Anayejifunza aanze na vijiko na vyambo laini vyenye kichwa cha risasi, na avifikie vile vya kuyumba baadaye.

Beringi za bobini ndizo hukaba rili nyingi bila mwenyewe kujua, kwa sababu hutoka kiwandani zikiwa na mafuta mazito ya kuzuia kutu. Zioshwe kwa petroli safi au spiriti, mbali na moto, zikauke, kisha zipewe tone moja la mafuta mepesi ya rili au ya cherehani. Matone mawili ni mengi. Grisi ni ya gia, haiendi kwenye beringi za bobini. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Rili iliyotumika baharini au kwenye maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi yanayotiririka polepole, isiloweshwe, na beringi zipewe tone lingine baada ya kukauka. Bobini iliyosafishwa vizuri, ikipigwa kidole breki ikiwa sifuri, huzunguka kwa muda mrefu bila mlio. Ikikoroma, beringi imeingia mchanga au imechakaa, na breki haipaswi kuguswa mpaka hilo litengenezwe.